Elimu ya Nyumba: Masomo ya Jamaa na Matumizi katika Vyuo vya Jamii vya Marekani



Wako watu wasemao, "Kupika, kufua na kulea mtoto, je, ni mambo ya kuyaendea chuoni? Mama zetu walijifunza jikoni, wala hawakuketi mbele ya ubao." Neno hili halifai kudharauliwa, maana mafunzo ya mama ni mafunzo ya kweli, na mtu aliyeyakosa hujulikana upesi. Walakini yako mambo ya nyumbani ambayo jicho halitoshi kuyaona. Maji yaweza kuwa meupe machoni na kuwa na ugonjwa ndani yake. Mtoto aweza kushiba kila siku na huku mwili wake unadhoofu. Deni laweza kulipwa mwezi kwa mwezi, wala lisipungue. Haya yataka kupimwa, kuhesabiwa na kuangaliwa kwa utaratibu. Ndiyo maana nchini Marekani yamefanywa elimu yenye walimu, vitabu na mitihani, na mtu maskini aweza kuisoma katika chuo kilicho karibu na kwake.

Somo hili lina sehemu tano. Afundishaye wenzake aweza kuligawa katika mikutano miwili: sehemu tatu za kwanza siku moja, na mbili za mwisho siku ya pili, pamoja na maswali.

1. Jina la elimu hii

Kwa Kiingereza elimu hii iliitwa zamani kwa jina lenye maana ya "uchumi wa nyumbani". Shuleni Tanzania yafanana na lile somo liitwalo sayansikimu. Neno la uchumi katika lugha za Ulaya latoka katika Kiyunani, oikonomia, yaani utunzaji wa nyumba: oikos ni nyumba. Wasomaji wa Injili wamekwisha kukutana nalo pasipo kujua, maana katika Luka sura ya 16 neno hilo hilo limefasiriwa "uwakili". Kwa hiyo, kabla uchumi haujawa neno la mabenki na serikali, ulikuwa kazi ya mtu aliyekabidhiwa ghala na watu wa nyumbani, naye akapaswa kutoa hesabu yake.

Mwaka 1993 wakuu wa elimu hii walikutana Scottsdale, katika jimbo la Arizona, wakakubaliana kulibadili jina. Mwaka uliofuata chama chao kikaanza kutumia jina jipya, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita "Elimu ya Jamaa na Matumizi". Sababu yao ilikuwa kwamba jina la kwanza liliwafanya watu wafikirie sufuria na sindano tu, hali elimu yenyewe ilikuwa imekwisha kuenea hata kwenye malezi, chakula, fedha, nguo, makao, na haki za mtu anunuaye.

2. Ilivyoanza

Mwanamke atajwaye kwanza katika habari hizi ni Bibi Ellen Swallow Richards. Alizaliwa mwaka 1842 katika jimbo la Massachusetts, akasoma katika chuo cha Vassar. Mwaka 1870 akakubaliwa katika chuo kikubwa cha ufundi na sayansi kiitwacho MIT, ambako mwanamke hajaingia kabla yake. Hakutozwa ada. Mwenyewe alidhani amesamehewa kwa ajili ya umaskini wake, lakini baadaye akafahamu kwamba walitaka waweze kusema, ikiwa watu watanung'unika, kwamba huyu si mwanafunzi wao kamili. Akavumilia, na mwaka 1873 akapata shahada yake ya kemia, mwanamke wa kwanza kuipata katika chuo hicho.

Bibi huyu aliichukua kemia akaileta nyumbani. Alipima maji ya mito na visima vya Massachusetts, akachunguza vyakula vilivyouzwa madukani, kwa maana wafanyi biashara wengi siku zile walichanganya vyakula na vitu visivyofaa. Tangu mwaka 1899 hata 1908 yeye na wenzake walikutana kila mwaka, zaidi katika mji wa Lake Placid, jimbo la New York, wakapanga jinsi elimu hii itakavyofundishwa. Mikutano ile ilizaa chama cha nchi nzima, na Bibi Richards akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1911. Serikali nayo ikasaidia: sheria ya mwaka 1914 ilitoa fedha za kuwapeleka waalimu mashambani, na sheria ya mwaka 1917 ilitoa fedha za kufundisha kazi shuleni, na utunzaji wa nyumba ukawa miongoni mwa kazi hizo.

Yafaa tukumbuke pia jambo lisilofanikiwa, maana lina funzo kwa kila mwalimu. Mwaka 1890 Bibi Richards na Bibi Mary Hinman Abel walifungua jiko mjini Boston, ili kuwauzia maskini chakula cha bei ndogo chenye nguvu ya kutosha mwili. Walipima kila kitu kwa mizani. Supu ilikuwa safi, hesabu ilikuwa sawa. Lakini wengi wa maskini wale walikuwa wageni waliotoka nchi mbalimbali za Ulaya, na chakula kile hakikuwa na ladha ya kwao. Hawakukipenda, nao wengi hawakurudi kukinunua. Waalimu walijua chakula kinavyojenga mwili, lakini hawakuwauliza walaji wapendavyo kula. Maarifa yasiyouliza ni kama mbegu njema iliyotupwa barabarani.

Mwingine apasaye kujulikana ni Bibi Flemmie Kittrell, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1904 katika jimbo la North Carolina, siku ambazo watu weusi wa kusini mwa Marekani walitengwa katika shule na katika mambo mengi. Alisoma Hampton, halafu akapata shahada ya udaktari wa elimu ya chakula katika chuo kikuu cha Cornell, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata shahada ya namna hiyo. Kwa miaka mingi aliongoza idara ya elimu ya nyumba katika chuo kikuu cha Howard, mjini Washington. Mwaka 1947 alikwenda Liberia, Afrika ya Magharibi, kuchunguza vyakula vya watu. Aliona kwamba wengi walishiba wali na mihogo, lakini miili yao ilikosa protini na vitamini za kutosha. Hiyo ndiyo njaa iliyofichika: tumbo halilii, ila mwili wapungukiwa.

3. Chuo cha jamii ni chuo gani?

Chuo cha jamii ni chuo cha umma, kilichowekwa kwa ajili ya watu wa mji au wilaya yake. Kilicho cha zamani kuliko vyote vya umma vilivyoko hata leo ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901 kwa wanafunzi 6. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ilishauri vyuo vya namna hii vienezwe, ili elimu ya juu isiwe ya wenye mali peke yao. Leo vyuo hivi vyapata kama elfu moja katika nchi nzima.

Mlango wake ni mpana. Kwa kawaida aliyemaliza shule ya sekondari, au aliyepata cheti kilicho sawa na hicho, hukubaliwa pasipo kushindanishwa na wengine. Ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu: katika mwaka wa masomo 2023–24 wastani wa ada ulikuwa kama dola 4,000 kwa mwaka, hali vyuo vikuu vya umma viliwatoza wenyeji wa jimbo zaidi ya dola 11,000. Wanafunzi wengi hulala kwao na kufanya kazi mchana. Kwa ajili ya hao masomo mengi hufundishwa jioni. Darasani humo mama wa watoto watatu aweza kuketi karibu na kijana wa miaka 18.

Masomo huhesabiwa kwa krediti. Kozi ya kawaida ina krediti 3, yaani saa 3 za darasani kila juma katika muhula wa majuma 15 au 16, na saa nyingi zaidi za kujisomea. Shahada ya miaka miwili yahitaji krediti 60 hivi, maana yake kozi 20. Mwenye shahada hiyo aweza kuingia kazini, au kuendelea katika chuo kikuu kwa miaka miwili mingine. Wengine hawatafuti shahada. Wataka cheti cha kazi. Mfano ni kile cheti cha ulezi wa watoto wadogo kijulikanacho kwa herufi CDA, kinachotaka saa 120 za mafunzo na saa 480 za kazi pamoja na watoto.

Zamani darasa hili lilikuwa la wasichana, na wavulana walipelekwa kwenye useremala na uhunzi. Sheria ya mwaka 1972 ilikataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu kwa ajili ya kuwa wanaume au wanawake. Tangu hapo mlango umekuwa wazi kwa wote, ingawa wanawake wangali wengi kuliko wanaume. Na ni haki ilivyofanywa, kwa maana mwanamume pia hula, huvaa, hukopa na huzaa watoto.

4. Yafundishwayo

Hatuwezi kuyaeleza yote. Tuchague manne, na kila moja tulipe mfano wake.

La kwanza ni chakula. Mwanafunzi hufundishwa kwamba vijidudu viletavyo ugonjwa huzaana upesi katika chakula kilicho kati ya digrii 4 na 60 za sentigredi. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa 2. Na siku ya joto la kupita digrii 32, kisikae kupita saa 1. Nyama ya kuku na ifikie digrii 74 ndani yake, ipimwe kwa kipimajoto, maana rangi yaweza kudanganya. Tena sufuria kubwa ya mchuzi haipoi upesi katikati. Yafaa kuugawa katika vyombo vipana visivyo na kina kabla ya kuuweka mahali pa baridi. Hapa mwanafunzi apata sababu pamoja na amri. Ajuaye sababu aweza kuitumia hata katika jiko lisilofanana na lile la chuoni.

La pili ni malezi. Vyuo vingi vina nyumba ya watoto wadogo papo hapo, na wanafunzi huenda kuwaangalia watoto wakicheza na kula. Kazi yao ya kwanza ni kuandika waonayo, wala wasiandike hukumu. Mwanafunzi akiandika, "Mtoto huyu ni mkaidi," mwalimu atamrudishia karatasi. Na aandike hivi: "Aliitwa mara mbili, hakugeuka. Mwenzake alipomgusa bega, aligeuka mara moja akaja." Tazameni tofauti. Maneno ya kwanza yamefunga mlango. Ya pili yaufungua, maana huenda mtoto yule hasikii vema, na ukaidi haumo kabisa. Ni watoto wangapi waliopigwa kwa ajili ya masikio yao! Mwenye kuzoea kuandika hivi hujifunza kuona kwanza, na kuamua baadaye.

La tatu ni ununuzi. Mtu hupewa vifurushi viwili vya unga: kimoja cha gramu 500 kwa dola 2, na kingine cha gramu 800 kwa dola 3. Kipi ni rahisi? Cha kwanza ni senti 40 kwa kila gramu 100. Cha pili ni senti 37 na nusu. Basi kikubwa ni rahisi. Lakini mwalimu huuliza tena, "Na ikiwa gramu 100 za kile kikubwa zitaharibika kabla ya kuliwa?" Hapo mnunuzi amelipa dola 3 kwa gramu 700, yaani karibu senti 43 kwa kila gramu 100. Kilichokuwa rahisi dukani kimekuwa ghali nyumbani. Bei ya kweli huhesabiwa kwa kile kilicholiwa.

Pamoja na hayo mwanafunzi husoma maandiko yaliyo juu ya vifurushi. Sheria ya mwaka 1990 iliwalazimisha watengenezaji wa vyakula vingi vya vifurushi kuonyesha vilivyomo, na mwaka 2016 iliagizwa kwamba sukari iliyoongezwa itajwe peke yake. Mwanafunzi huambiwa aanze na mstari wa juu, unaotaja fungu la mtu mmoja na hesabu ya mafungu. Asipousoma huo, aweza kula mafungu matatu akadhani amekula moja.

La nne ni fedha, na hapo ndipo nyumba nyingi zilipoanguka. Nchini Marekani watu hununua vitu vingi kwa kadi ya mkopo. Tuchukue mfano wa kufundishia. Mtu ana deni la dola 1,000, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka, maana yake asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni dola 20. Akilipa dola 20, hajapunguza hata senti moja. Atalipa mpaka mwisho wa maisha yake na deni litabaki dola 1,000. Akilipa dola 25, mwezi ule deni lapungua dola 5 tu. Atachukua karibu miaka saba, naye atakuwa ametoa kama dola 2,030. Akilipa dola 50, atamaliza kwa miezi 26, naye atakuwa ametoa kama dola 1,290. Dola 25 zilizoongezwa kila mwezi zimemwokolea dola 740 na miaka zaidi ya minne. Tangu sheria ya mwaka 1968, akopeshaye amelazimishwa kumwambia mkopaji kiasi cha riba kwa mwaka. Sheria yaweza kuiandika hesabu juu ya karatasi. Kuielewa ni kazi ya asomaye.

5. Mambo ya kuangalia kwa atakaye kusoma

Yapasa kusema kweli: mlango mpana wa kuingilia si mlango mpana wa kutokea. Wengi huanza katika vyuo hivi, na walio wengi hawamalizi katika miaka miwili. Mara nyingi sababu si uvivu wala upungufu wa akili. Mtoto ameugua, gari limeharibika, mwajiri amebadili saa za kazi, au hakuna wa kumwachia watoto jioni. Basi atakaye kuanza na afanye kwanza hesabu ya nyumba yake mwenyewe, kama somo lenyewe lifundishavyo: saa ngapi za kazi, saa ngapi za kusoma, nauli kiasi gani, na nani atakayewaangalia watoto. Kozi mbili zilizomalizwa ni bora kuliko kozi tano zilizoachwa njiani.

Tena, atakaye kuendelea katika chuo kikuu na aulize mapema, kabla ya kujiandikisha, krediti zipi zitakubaliwa huko. Wako waliosoma kwa bidii, halafu wakaambiwa kwamba kozi kadhaa hazihesabiwi, wakalazimika kuzisoma upya na kuzilipia mara ya pili. Na jibu alilopewa na alipate kwa maandishi.

Tatu, na aangalie mshahara wa kazi anayoitaka. Walezi wa watoto wadogo nchini Marekani hulipwa kidogo, ingawa kazi yao ni nzito na yahitaji maarifa. Hiyo ni aibu ya nchi yenye mali nyingi kama ile, wala si sababu ya kuidharau elimu hii. Lakini mtu asikope fedha nyingi kwa ajili ya kazi ambayo mshahara wake hautamlipia deni.

Sasa twaweza kumjibu yule aliyeuliza kama mambo ya nyumbani ni ya kuyaendea chuoni. Chuo hakikuja kuliondoa jiko la mama. Kimekuja kuongeza mizani, kipimajoto, kalamu na hesabu juu ya yale aliyoyajua mama. Na lile jiko la Boston latuonya upande wa pili: mizani peke yake, pasipo kumsikiliza alaye, haimshibishi mtu. Vyote viwili vyahitajiana.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Neno oikonomia lamaanisha nini, nalo labadilije fikira zetu juu ya kazi za nyumbani?

2. Kwa nini maskini wengi wa Boston hawakukipenda chakula kilichopimwa vema? Je, liko jambo tunalolifundisha pasipo kuwauliza tunaowafundisha?

3. Chagua mtoto mmoja, umwangalie kwa robo saa. Andika uliyoyaona tu, pasipo hukumu. Umepata kujua nini ambacho hukukijua?

4. Andika deni moja la nyumbani kwako, au la mfano. Riba ya mwezi ni kiasi gani, na malipo ya mwezi ni kiasi gani? Je, deni lapungua?

5. Taja chakula kinachoshibisha tumbo hapa kwetu lakini hakitoshi mwilini. Ni kitu gani cha bei ndogo kiwezacho kuongezwa sahanini?

Kila mmoja na alete karatasi yake siku ya mkutano wa pili, na wanaume wasiwaachie wanawake kazi hii. Hesabu ya nyumba ni ya wote wanaokaa ndani yake.